Unasoma Nini Siku Hizi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Marafiki Wanaojulishana Wanachosoma

Majibu haya ni ya marafiki wanaopenda kuambiana wanasoma nini na wanakionaje, wawe wawili wanaoandikiana au kumi wanaokutana kila mwezi. Jambo moja litajitokeza katika majibu mengi: rai juu ya kitabu humfaa rafiki pale tu inapotaja imetokea wapi kitabuni. "Nimekipenda" peke yake haina pa kushikwa. "Nimependa sura ya nne, pale msimulizi anapokiri kwamba alidanganya" inaweza kukubaliwa, kupingwa, au kumfanya mwenzako akafungue kitabu usiku huo huo.

Nikiulizwa "unasoma nini siku hizi?", nitaje nini zaidi ya jina la kitabu?

Mambo matano yanatosha, na yote huenea katika ujumbe mfupi: jina la kitabu na la mwandishi (na la mfasiri, ikiwa ni tafsiri), ni kitabu cha aina gani, umefika wapi, kitu kimoja kinachokuvuta au kukukera, na kama unawaalika wenzako wakisome au unawajulisha tu. Hilo la mwisho husahaulika sana, nalo ndilo linalowaonyesha wenzako wafanye nini na habari uliyowapa.

Linganisha jumbe mbili. Wa kwanza: "Nasoma riwaya moja nzuri mno, lazima muisome." Wa pili: "Niko sura ya 6 kati ya 22. Ni riwaya ya ndugu wawili wanaogombea shamba la marehemu baba yao. Wanapokezana kusimulia, na tukio lile lile linageuka kabisa likisimuliwa na mwingine. Hilo linanivuta. Kinachonichosha ni barua ndefu zinazonukuliwa nzima nzima. Nawajulisha tu kwa sasa." Asiyependa kesi za mirathi amejua kitabu si chake, na anayependa wasimulizi wanaopingana ameshaanza kukitafuta. Ujumbe wa kwanza haumsaidii yeyote kuamua.

Je, nisubiri nimalize kitabu ndipo nitoe maoni?

Usisubiri. Rai ya katikati na rai ya mwisho ni vitu viwili, na ile ya katikati haipatikani tena ukishajua mwisho. Ukiwa sura ya nane unamshuku mjomba. Ukimaliza unajua hakuwa yeye, na tangu hapo ni vigumu kukumbuka barabara kilichokufanya umshuku. Ule ushuku unaonyesha jinsi mwandishi alivyokuelekeza au alivyokupoteza, na rafiki aliyekwisha kumaliza kitabu huufurahia kuliko kitu kingine chochote utakachomwambia.

Nyakati nne zinafaa: baada ya kurasa 40 hivi, ukiwa umeshazoea sauti ya mwandishi, katikati, siku ya kumaliza, na wiki mbili baadaye. Hiyo ya wiki mbili ndiyo tunayoiamini zaidi katika kupendekeza kitabu kwa wengine, maana msisimko wa kurasa za mwisho umeshatulia na kilichobaki kichwani kimebaki kwa nguvu yake chenyewe. Sharti ni moja: kila mara andika umefika wapi, ili maoni ya sura ya tatu yasichukuliwe kuwa hukumu ya kitabu kizima.

Nitasemaje zaidi ya "kizuri" na "kinachosha"?

Anza na kilichokupata wewe, kisha urudi kitabuni kutafuta kilichosababisha. Ulicheka? Ulirudia ukurasa? Uliruka aya mbili? Ulipitiwa na usingizi mara tatu mahali pale pale? Tafuta ukurasa huo, uusome tena polepole, ujiulize ni nini kilichoandikwa hapo ambacho hakikuwapo kurasa kumi kabla. Hukumu ije baada ya hapo.

Chukua neno "kinachosha". Linaweza kuwa na maana nne zisizofanana. Huenda sentensi ni ndefu na msomaji anapoteza kiima kabla ya kufika kwenye kitenzi. Huenda hakuna kinachosogea: wahusika wanazungumza, wanalala, wanaamka, na tatizo lao liko palepale. Huenda watu kumi na wawili wametambulishwa ndani ya kurasa ishirini na majina yamechanganyika. Au mwandishi anaeleza tena jambo ambalo msomaji alikwisha kulielewa. Kila moja ina dawa yake. Kwa majina mengi, mwambie rafiki aandike orodha kwenye kipande cha karatasi na akitumie kama alamisho. Kwa mwanzo mzito, mtajie sura ambayo mambo yanaanza kwenda. Kwa marudio, mwambie sura zipi anaweza kuzipitia haraka bila kukosa kitu. Hapo maoni yako yamekuwa msaada hata kama kitabu hukukipenda.

Tenganisha pia ladha yako na ufundi wa mwandishi. "Sipendi hadithi za mizimu" ni habari kuhusu wewe, na ni habari muhimu, kwa sababu rafiki anayekujua ataipima. "Mzimu anaingia sura ya 15 bila kuandaliwa mahali popote, na anatatua kila kitu" ni habari kuhusu kitabu. Sema zote mbili, ila usizichanganye katika sentensi moja.

Aina ya kitabu nayo hubadilisha pa kutazama. Katika riwaya angalia nani anasimulia, anajua kiasi gani, na kasi inabadilika wapi. Mkusanyiko wa hadithi fupi hauhukumiwi kwa jumla: chagua hadithi moja uizungumzie vizuri, kisha utaje iliyokuwa dhaifu. Ushairi usomwe kwa sauti kabla ya kusema lolote, angalau ubeti mmoja, kwa sababu vina na mizani vinavyoonekana vimekaa sawa kwa macho huweza kukwama mdomoni. Katika tawasifu, swali lenye manufaa ni miaka ipi imerukwa. Kitabu cha historia au sayansi kitajiwe mwaka wa kuchapishwa, na useme kama mwandishi anaonyesha ushahidi wake au anakutaka umwamini tu. Kitabu cha ushauri jaribu angalau shauri moja kabla ya kukisifu.

Kutoa nyota au alama kunasaidia?

Kidogo sana, miongoni mwa marafiki. Kwa mtu mmoja nyota tatu kati ya tano ni sifa, kwa mwingine ni dhihaka. Alama huwa na maana pale mtu mmoja anapolinganisha vitabu vyake mwenyewe kwa kipimo kile kile kwa muda mrefu. Kama mnazipenda, andikeni mara moja kila nyota ina maana gani na muiweke mahali pa kuonekana.

Maswali mawili huzaa zaidi: utakisoma tena? Na ungempa nani kati yetu? La pili lina nguvu, maana linamlazimisha mtu kumfikiria msomaji mwingine asiye yeye.

Nitazungumziaje kitabu bila kumharibia asiyekisoma?

Kanuni rahisi: kilichoandikwa nyuma ya jalada kinaweza kusemwa, pamoja na yanayotokea katika robo ya kwanza ya kitabu. Zaidi ya hapo, toa onyo. Kwa hadithi ya upelelezi punguza zaidi, hata kusema "kuna jambo litakushangaza mwishoni" kunatosha kumfanya msomaji asimwamini kila mhusika. Watu wengi hufichua kwa njia hii bila kujua: hawataji tukio, wanataja kwamba tukio lipo.

Onyo lenyewe liwe na mahali: "Onyo: hadi mwisho wa sura ya 12." Onyo lisilotaja sura halimsaidii aliyefika sura ya 14, ambaye angeweza kusoma bila wasiwasi.

Katika simu, Telegram na Signal zina mtindo wa kufunika maandishi. Unachagua maneno, unafungua mitindo ya maandishi, unagusa chaguo la kuficha. Msomaji anaona ukungu mpaka auondoe kwa kuugusa. Kwa kikundi cha WhatsApp, anza na mstari wa onyo, acha mistari mitupu mingi, kisha andika. Ujumbe mrefu hukatwa na msomaji inambidi abonyeze ili auone wote. Mstari wa kwanza ni wa hatari kuliko yote kwa sababu ndio unaochungulia kwenye arifa, simu ikiwa imefungwa. Onyo likikaa mstari wa pili, limechelewa.

Je, kufichuliwa kunaharibu kweli? Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, walichapisha majaribio ambamo wasomaji wa hadithi fupi walioambiwa mwisho mapema walizipa hadithi hizo alama za juu kidogo kuliko wasioambiwa. Tafiti nyingine za baadaye zimepata matokeo kinyume. Hata kama msomaji wa wastani hadhuriki, uamuzi ni wa yule anayesoma. Muulize rafiki yako anapenda nini na uheshimu jibu lake.

Tusome kitabu kimoja sote, au kila mtu na chake?

Kila mtu na chake huwafaa marafiki wenye ratiba tofauti na ladha tofauti, na haihitaji kutafuta nakala nyingi. Udhaifu wake ni kwamba hakuna anayeweza kukupinga kwa ushahidi, maana wewe peke yako ndiye uliyesoma. Kitabu kimoja huleta mabishano ya kweli, lakini mmoja akichelewa wote wanasubiri.

Njia inayodumu zaidi ni ya kuchanganya: kwa kawaida kila mtu na chake, na mara moja katika miezi mitatu kitabu kimoja kifupi, kurasa 150 hadi 200. Njia nyingine nzuri ni mada moja, vitabu tofauti: wote wasome kuhusu bahari, au kuhusu ndugu waliotengana, kisha kila mmoja aeleze kitabu chake kinasema nini ambacho vingine havisemi.

Tuwe wangapi, na tukutane kwa muda gani?

Wanne hadi wanane. Chini ya hapo, wawili wakikosa hakuna mazungumzo. Juu ya hapo wapo watakaonyamaza mwanzo hadi mwisho. Kwa watu sita, dakika tatu kila mmoja za kueleza anachosoma ni dakika 18; saa moja ya mazungumzo huru; dakika kumi za kupanga kinachofuata. Dakika tatu zipimwe kwa saa, kwa upole lakini bila kupuuzwa. Msemaji wa kwanza akichukua kumi na tano, wa mwisho atapata mbili, na wa mwisho mara nyingi ndiye mwenye haya.

Sina muda. Nitajuaje kama nitamaliza kwa wakati?

Jipime. Soma kitabu chenyewe kwa dakika 20 kwa mwendo wako wa kawaida, uhesabu kurasa. Ukipata kurasa 12, kitabu cha kurasa 300 kitachukua dakika 500, yaani saa nane na dakika 20. Kwa dakika 20 kila siku utamaliza kwa siku 25. Rudia kipimo kwa kila kitabu, maana ukurasa wa falsafa hauendi mwendo wa ukurasa wa mazungumzo.

Wasomaji wazima wa Kiingereza husoma kimya wastani wa maneno 240 hivi kwa dakika. Usiichukue takwimu hiyo kama kipimo chako katika Kiswahili: lugha yetu hufunga viambishi vingi ndani ya neno moja, hivyo maneno huwa machache na marefu zaidi. Hesabu kurasa, acha maneno.

Mnaposoma pamoja, gawanyeni kwa sura na si kwa kurasa tu. Kitabu cha kurasa 320 kwa wiki nne ni kurasa 80 kwa wiki. Tafuteni mwisho wa sura ulio karibu na ukurasa wa 80, hata ukiwa wa 74 au 91. Kusimama katikati ya tukio huwashawishi wenye pupa waendelee, na wakishaendelea watafichua.

Kurasa zetu hazilingani. Tufanyeje?

Mna matoleo tofauti. Angalieni ISBN, namba iliyo nyuma ya jalada karibu na mistari ya msimbo, au kwenye ukurasa wa haki za uchapishaji mwanzoni. Ina tarakimu 13 tangu Januari 2007. Vitabu vingi vya kabla ya hapo vina 10. Toleo la jalada gumu, la jalada jepesi na la kielektroniki kila moja hupewa namba yake. ISBN zikifanana, kurasa kwa kawaida zitalingana. Zikitofautiana, msitaje kurasa.

Kitabu cha kielektroniki cha EPUB hujipanga upya kila unapobadili ukubwa wa herufi, kwa hiyo "ukurasa wa 112" kwenye simu ya mmoja unaweza kuwa wa 190 kwa mwingine. PDF haina tatizo hilo. Njia inayofanya kazi popote ni kutaja sura, kisha maneno manne au matano ya kwanza ya aya. Mwenye kitabu cha kielektroniki atayatafuta kwa kuyaandika, mwenye karatasi atayatafuta kwa macho. Asilimia nayo inafaa kwa kukadiria tu, kwa sababu viambatisho na faharasa vya mwisho huhesabiwa pia: kitabu cha historia kinaweza kuisha kwenye asilimia 75.

Mmoja anasoma tafsiri, mwingine asili. Tunaweza kujadiliana?

Ndiyo, na mtavuna zaidi, mradi mfasiri atajwe. Mkiwa na mashaka juu ya lugha, chukueni aya moja isiyozidi mistari kumi na isomwe kwa sauti katika lugha zote mbili. Malalamiko kama "mwandishi huyu anaandika kwa ugumu" mara nyingi hubadilika hapo, yakaelekea kwa mfasiri, au yakathibitika kuwa ya mwandishi kweli.

Taja na mwaka wa tafsiri. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaisari mwaka 1963, kisha akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Wawili wanaodhani wanasoma maneno yale yale ya mfasiri mmoja wanaweza wasiwe wanasoma maneno yale yale.

Kusikiliza kitabu kunahesabika kuwa kusoma?

Kwa mazungumzo ya marafiki, ndiyo. Aliyesikiliza anajua hadithi, anajua hoja, na pengine amesikia ucheshi ambao macho yaliuruka. Aeleze tu kwamba alisikiliza, kwa sababu baadhi ya anachokipenda au kukichukia ni sauti ya msomaji.

Matatizo ni matatu. Majina ya wahusika atayaandika kwa kukisia, hivyo ayaangalie mahali yalipoandikwa kabla ya kutuma maoni. Pili, baadhi ya rekodi ni za toleo lililofupishwa. Asome maelezo ya rekodi kabla ya kuanza, la sivyo atabishana kuhusu sura ambayo hakuisikia. Tatu ni kasi. Kitabu cha Kiingereza cha maneno 80,000 husomwa kwa sauti kwa muda wa saa nane na nusu hadi tisa, na wengi huongeza kasi mara moja na nusu. Kwa kitabu cha maarifa huenda isidhuru. Kwa ushairi na kwa mazungumzo yenye ukimya ndani yake, inafuta kitu ambacho mwandishi alikiweka makusudi. Wakati wa kutaja mahali, ataje sura na muda kwa tarakimu, kama 3:12.

Rafiki amekisifu kitabu ambacho mimi nimekichukia. Niseme?

Sema, kwa utaratibu huu: kwanza mwache amalize, kisha muulize ni mahali gani hasa pamempendeza, ndipo utaje mahali pako. Mara nyingi mtagundua mnazungumzia sura tofauti. Yeye amependa sura za utotoni, wewe umechoshwa na za uzeeni, na wote mmesema kweli.

Pinga kitabu, usimpinge msomaji. "Watu wanaopenda vitabu hivi hawafikiri" inafunga mlango kwa miezi. "Nilishindwa kuamini kwamba mama angemsamehe haraka vile, sura ya 19" inamfanya atafute jibu. Kuweni waangalifu zaidi na kitabu kinachogusa msiba, ndoa, ugonjwa au imani: rafiki anaweza kuwa anakipenda kwa sababu kilimshika mkono wakati mgumu. Swali "kilikufaa kwa nini?" litangulie ukosoaji wowote.

Nimeacha kitabu katikati. Nina haki ya kutoa maoni?

Unayo, juu ya ulichosoma. "Niliacha ukurasa wa 90 kati ya 410 kwa sababu hii" ni maoni kamili na ya kweli. Hukumu juu ya mwisho huna. Epuka kumalizia kwa kusoma muhtasari mtandaoni kisha kuzungumza kama uliyesoma. Muhtasari hueleza yaliyotokea, wala hauelezi jinsi yalivyosimuliwa, na waliosoma watakutambua kwenye swali la pili.

Nimpendekezee vipi mtu kitabu atakachokisoma kweli?

Pendekeza kimoja. Orodha ya vitabu kumi huhifadhiwa na haifunguliwi. Muulize kwanza kitabu cha mwisho alichomaliza kwa furaha, na alichokiacha. Alichokiacha hufundisha zaidi: akisema aliacha kwa ukatili, utajua cha kuepuka hata kama kitabu chako kinashabihiana na vyote anavyovipenda.

Taja urefu na ugumu wa mwanzo bila kuficha, na utaje yaliyomo ambayo yanaweza kumuumiza, kama kujiua au kifo cha mtoto. Hilo si kufichua, ni kumpa nafasi ya kuchagua wakati wake. Ukishapendekeza, usimfuatilie kila wiki. Kitabu kikigeuka deni hakisomwi.

Nasahau haraka nilichosoma. Niweke kumbukumbu gani?

Hermann Ebbinghaus alionyesha katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1885 kwamba kusahau huenda kasi zaidi katika saa na siku za mwanzo, kisha hupungua. Basi andika siku ile ile. Mistari mitano kwa kila unapoketi kusoma inatosha: tarehe; sura ulizosoma; tukio au hoja kuu kwa sentensi moja; nukuu moja iliyonakiliwa neno kwa neno pamoja na mahali ilipo; na swali moja. Hilo swali ndilo utakalokwenda nalo kwa marafiki.

Nukuu itiwe alama za kunukuu tangu mwanzo. Baada ya mwezi hutakumbuka kama sentensi ni yako au ya mwandishi, na utamsifia mwandishi kwa maneno yako au ujisifie kwa yake.

Kikundi chetu cha simu kimejaa salamu na video, vitabu vimepotea. Tukiokoe vipi?

Tengenezeni makundi mawili: moja la soga, jingine la vitabu tu. Katika hilo la vitabu wekeni siku moja ya wiki ambayo kila mmoja anaandika "niko wapi", hata kama ni "sijafungua wiki hii". Jibu hilo lipokelewe bila lawama. Watu wengi hutoweka kwa sababu ya aibu ya kuchelewa, wala hawajakoma kupenda kusoma.

WhatsApp huruhusu kubandika ujumbe juu ya kikundi hadi siku 30, kwa hiyo bandikeni jina la kitabu na ratiba, na mbandike upya kila mwezi. Tumieni kura kuchagua kitabu, chaguo tatu au nne tu, na atakayependekeza awe ameshapata uhakika kwamba kitabu kinapatikana. Zimeni jumbe zinazotoweka. Zikiwekewa muda wa siku saba, maoni ya sura za mwanzo yatakuwa yamefutika mtakapofika mwisho, na raha ya kurudi kuona nani alimshuku mjomba itakuwa imekwenda nayo.

Ujumbe wa sauti una uhai, lakini haupitiwi kwa jicho wala kutafutwa kirahisi. Usizidi dakika mbili, na uambatane na mstari mmoja wa maandishi: kitabu, sura, onyo.

Tunaweza kutumiana kitabu kizima cha PDF?

Kama haki zake zimeisha, au mwandishi ameruhusu, ndiyo. Vinginevyo hapana. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, kama ulivyorekebishwa, unaweka kiwango cha chini cha ulinzi kuwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimefikisha 70. Project Gutenberg, iliyoanza mwaka 1971, hutoa bure vitabu ambavyo haki zake zimeisha Marekani; sheria ya nchi uliko inaweza kutofautiana. Aya moja iliyopigwa picha kwa ajili ya kujadiliwa ni jambo jingine kabisa, na kwa mazungumzo yenu hiyo ndiyo inayohitajika.

Tukiazimana vitabu, tuepuke vipi ugomvi?

Piga picha ya kitabu kikiwa mkononi mwa anayeazima, uitume kwake mwenyewe, tarehe imejiandika. Kubalianeni muda, siku 30 kwa kitabu cha kawaida, na mambo mawili kabla hakijaondoka: anaweza kuandika ndani? Anaweza kumwazima mtu wa tatu? Jibu la pili kwa kawaida liwe hapana, kwa kuwa vitabu vingi vinavyopotea hupotelea kwa mtu wa tatu ambaye mwenyewe hamjui.

Anayeruhusiwa kuandika atumie penseli laini, HB au 2B, bila kukandamiza. Wino hupenya karatasi nyembamba hadi upande wa pili. Karatasi za kunata zitolewe kabla ya kurudisha, maana gundi ikikaa muda mrefu huacha utando unaoshika vumbi na kung'oa herufi za karatasi kuukuu. Kitabu kikilowa, usikianike juani: weka karatasi kavu zinazofyonza maji kila baada ya kurasa chache, kisimamishe mahali penye upepo, na ubadilishe karatasi hizo kila zinapolowa. Kikishakauka kilaze chini ya vitabu vizito kwa siku kadhaa. Na mwambie mwenyewe siku hiyo hiyo, kabla hajakiona.